Kichwa Kidogo cha Barampama

Mtaa wa Waswahili,
Rumonge, Burundi.
Tarehe 3 Desemba 1972

Kwa Asmani wa Ramazani,
Ujiji, Kigoma.

Mpendwa mdogo wangu Asmani,

Salaam aleikum wewe na nyumba yako nzima, na amahoro, amani, kama tunavyosema huku. Habari za afya? Habari za goti lako, bado linalia ukisujudu kama mlango usiotiwa mafuta? Habari za Kulthumu na watoto? Na masikio yako, natumaini bado yako pande zote mbili za kichwa, maana mbele katika barua hii nitayataja tena. Jitayarishe.

Sisi huku tuko wazima. Mimi hasa ndiye mzima kupita wote. Tangu mambo ya Aprili, wanaume wenye ndevu zao hapa Rumonge wanaruka kama panzi kila gari likipita, lakini mimi kaka yako Alimasi sijaogopa hata siku moja. Nalala mlango wazi. Nikikutana na askari namwamkia kwanza mimi, namuuliza na hali ya mama yake.

Haya, ni uongo. Umenijua tangu tukiwa watoto, kwa nini nijisumbue. Barua hii naiandika ndani ya stoo ya mawese, jua liko juu, mlango nimeuegemeza gunia la chumvi. Sasa hivi kuku amekanyaga jani kavu huko nje, nikaitia karatasi mdomoni. Ndiyo maana hapo pembeni iko alama ya meno. Usimlaumu panya, ni mimi.

Wema anakusalimu. Hajambo, ila anakohoa kwa moshi, na moshi huo nitakueleza ulitoka wapi. Barua inaletwa na Mushagalusa, yule mfanyabiashara wa mawese unayemjua. Posta siiamini tena. Ukimaliza kusoma, itie jikoni. Usiseme utaichoma kesho. Wewe ni mtu wa kesho, nakujua.

Kila mwaka ukikaribia kwisha huwa nakuandikia habari za kazi yangu ya picha, nikijisifu, nawe huwa hunijibu. Mwaka huu pia nitakuandikia, lakini sifa hakuna. Na kama watoto wako wanasikiliza na hawamjui baba yao mkubwa, waambie hivi. Mimi na Bahizire, yule seremala wa kabila la Bashi aliyetoka Bukavu, tulikuwa na gazeti la hadithi za picha. Mimi nachora, yeye anaandika maneno yanayowatoka watu mdomoni ndani ya duara kama povu la sabuni. Halafu anazungusha ronéo, ile mashine ya mkono ya kuzalisha karatasi, aliyoipata misioni walipoletewa mpya. Gazeti letu halikuwa la serikali, wala la padri, wala la shehe. Padri mmoja alitaka nimchoree namna ya kunawa mikono. Nikamwambia, Padri, watu wa hapa wanaishi ndani ya maji, mikono yao imenawa tangu Adamu. Basi tukabaki peke yetu, bila baba wala mama.

Ningekuwa na akili ningejifunza zamani. Unakumbuka mwaka wa Uhuru nilipochora bendera kwenye ukuta wa butiki ya mzee Hassani? Katikati yake ngoma ya mfalme na mche wa mtama; ile ngoma niliichora ikanona hata watoto wakaipiga kofi wasikie kama inalia. Miaka ikapita, wakasema ngoma itoke. Nikapaka, ukabaki mtama. Kidogo tena, mtama utoke, ziingie nyota tatu. Hassani alisema ukuta wake umekunywa rangi kuliko mlevi. Nilicheka sana. Sikuona kwamba picha inaweza kulala nzuri ikaamka kosa, na aliyeichora bado amelala.

Sasa nikueleze desturi yetu, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha hapa. Mtu akitaka kuingia kwenye hadithi, analeta samaki. Akileta ndagala wachache, anasimama nyuma kabisa kwenye kundi, unaona paji la uso tu. Akileta mukeke mmoja mnono, anapata uso kamili. Akileta sangala, anapata uso na maneno ya kusema. Kadidja wa vitumbua alileta sangala mkubwa ili nimchore mwembamba. Nikamwambia kwa wembamba huo lete na mkia wa mwingine. Kila aliyekuja nilimkalisha kwenye kigoda mbele yangu, nikamtazama. Mimi siwezi kuchora uso kutoka kichwani, Asmani. Wachoraji wengine wanaweza, mimi siwezi. Lazima uso uwe mbele yangu, unapumua, unakuna pua.

Kwa hiyo watu wa gazeti letu walikuwa watu kweli. Ukinunua, unamwona jirani yako. Watu walikuwa wanakunja karatasi wanakwenda kumwonesha mwenyewe: "Angalia, uko hapa, na bado una lile tumbo!" Nani angefikiri kwamba hilo ni kosa?

Hadithi ya mwaka ilikuwa ya Kiboko. Unaijua, una nakala nzima. Nilikutumia kwa mkono wa Mushagalusa mwezi wa tatu. Kiboko amelala pale mitumbwi inapofikia, hataki kuondoka, na kila mvuvi akirudi lazima amwachie samaki. Wavuvi wanachoka. Wanavuka ziwa kwenda kutafuta shauri, halafu wanarudi na mitumbwi yao, makasia juu, mapanga juu, wanamfukuza. Bas. Watu walicheka mpaka sokoni Gitaza. Mmoja alisema Kiboko ni mtoza kodi, mwingine akasema ni imamu, mwingine akasema ni mke mkubwa wa fulani. Nakuapia, Kiboko alikuwa kiboko. Alikuwa amekanyaga mihogo yangu kule Gatete, na mimi nilikuwa najilipizia.

Halafu mwisho wa Aprili watu wakatokea kweli, na mapanga kweli. Wakaua. Nimeona mambo barabarani ambayo mkono wangu hautachora. Baada yao wakaja wenye magari na bunduki, wakaanza kutafuta nani alikuwa pamoja na wale, na hao hawakuwa na haraka. Walikuja na majina. Aliyeitwa alikwenda. Mwezi wa tano na wa sita ungepita Rumonge mchana ungedhani ni Ramadhani ya watu wote, hakuna aliyekula nje, hakuna aliyeongea.

Na mimi, mdogo wangu, nilikuwa nimekaa na hadithi ya wavuvi wanaovuka ziwa na kurudi na mapanga. Nimeichora, nimeichapa, nimeiuza. Na ndani yake ziko nyuso za watu wa hapa, moja moja, na makovu yao.

Nikamwita Bahizire.

Bahizire alikuja na toroli, juu kaweka mbao. Chini ya mbao ilikuwa ronéo. Tulipanda mutumbwi mchana kweupe kama watu wanaokwenda kuvua, tukaisukuma majini mbele ya Gatete. Ilizama vizuri, kwa heshima. Kumbe kifuniko chake ni cha mbao. Kesho yake kikaelea mpaka ufukweni, mama mmoja akakiokota, na sasa anapangia njugu sokoni. Wino wetu bado uko pembeni, mweusi, mkubwa kama kiganja. Kila nikipita naona watu wananunua njugu juu ya kosa langu. Siwezi kumwambia abadilishe sinia.

Mashine ilikuwa kazi ndogo. Karatasi ndiyo ilikuwa kazi. Gazeti letu, watu wakishalisoma, wanaliuza kwa wenye samaki. Unajua ndagala wanavyofungwa. Basi kurasa zangu zilikuwa zimetawanyika njia yote, kutoka Kizuka mpaka Gitaza, zimefunga ndagala, zimefunga sabuni, zimefunga njugu. Nikaanza kuzinunua. Nanunua samaki nipate karatasi. Kule Gitaza iko Mwanvua, mwenye meza ya ndagala karibu na barabara, mwanamke mwenye ulimi. Nikamwambia, mama, nifungie kwa ile yenye picha.

"Muzee, wengine wanachagua samaki, wewe unachagua karatasi?"

"Macho yangu yanapenda picha."

"Ile ya chini pia?"

"Ile ya chini pia. Na ile uliyokalia."

Akacheka, akainuka, akanipa. Halafu akainama, akasema polepole, bila kucheka: "Muzee Alimasi, nilikuwa nimekuwekea zote. Nilijua utakuja." Kumbe na yeye alikuwa ndani ya hadithi, ukurasa wa tatu, ameshika kikapu.

Tulikula ndagala, Asmani, mpaka Wema akaniuliza kama namwandaa aote mapezi. Asubuhi ndagala, jioni ndagala, paka wa mtaa mzima wamehamia kwetu, wanakaa ukutani wanatuhubiria. Na kila karatasi ikija, Wema anaiingiza chini ya chungu, mafuta ya samaki yanalia, moshi mweusi. Ndiyo hicho kikohozi.

Safari ya mwisho ilikuwa mwezi wa nane. Nimetoka Gitaza na kifurushi kimoja. Hapo njiani wameweka kizuizi, gogo na mapipa mawili. Askari mmoja kijana, sura ya kulala, akaniambia fungua. Nikafungua. Ndagala hao. Badala ya kutazama samaki, akavuta karatasi. Ukurasa wa saba.

Ukurasa wa saba ndio huo wa mitumbwi inarudi. Kiboko upande mmoja. Upande wa pili, mtumbwi wa mbele, na mbele kabisa amesimama mvuvi Barampama, kasia juu, mdomo wazi, na juu ya kichwa chake maneno: "Leo Kiboko atalala kwao!" Yule askari akaanza kusoma kwa midomo. Lakini Mwanvua, Mungu ampe maisha, alikuwa amemwagia mawese kidogo, na doa lilikuwa limelala juu ya yale maneno. Askari alisoma "Leo," akaishia hapo.

"Hii iko nani?" Kidole juu ya Kiboko.

Nikasema, "Mama mkwe wangu."

Akanitazama. Nikahesabu kwamba nimekufa. Halafu akacheka, sha, akacheka mpaka kofia ikasogea. "Na wangu iko hivi hivi!" Akampasua Kiboko, akamkunja, akamtia mfukoni. Mpaka leo sijui Kiboko wangu yuko kambi gani.

Kisha akageukia upande wa pili. "Na huyu?"

Barampama alikuwa ameshachukuliwa tangu Mei. Nilimtazama pale kwenye karatasi, na pengo lake, na ule mkato kwenye nyusi alipojikamata na ndoana. Nikasema: "Huyu simjui, afande. Huyu si mtu. Iko picha tu."

Akanirudishia. Nilipofika nyumbani niliichoma kabla sijavua kofia. Ilikuwa ya mwisho. Wema akasema alhamdulillahi, na mimi nikasema alhamdulillahi, na siku hiyo hatukula ndagala.

Nikueleze Barampama ni nani, maana ulimwona mara moja tu, kwenye harusi ya Assumani, yule aliyecheza na kiti kichwani. Mvuvi, Murundi wa Gatete, mume wa Marguerite. Alileta sangala ili awe wa mbele, na akataka mdomo uwe wazi pengo lionekane, kwa sababu alisema bila pengo watu watafikiri ni mtu mwingine. Mei wakamwita kwa jina komine, ofisi ya serikali, kujibu swali moja tu. Akavaa shati la misa. Alinipita hapa kwenye kona, akaniambia, "Muzee, nikirudi nitakuletea mukeke. Unichore nimekaa. Huko kwenye mtumbwi miguu imeshaniuma." Swali hilo mpaka leo hawajamaliza kumuuliza.

Kama waliuona ukurasa wa saba kabla ya kumwita, sijui. Bahizire ananikasirikia nikisema hivyo. Ananiambia, "Usijipe cheo, Muzee. Hao hawakuhitaji picha." Na ni kweli, wamechukua walimu, wamechukua makarani, watu ambao sikuwahi kuwachora hata unywele. Lakini Bahizire anasema hayo mchana, halafu naye haji tena kwangu kwa njia ya barabara, anapitia nyuma kwenye michikichi. Basi na yeye hajui.

Sasa sikiliza linalonitesa.

Mwezi wa kumi, katikati ya Ramadhani, Marguerite alikuja. Mgongoni mutoto, amezaliwa Septemba, wa kiume. Mkononi mukeke. Nikasema, mama, tumefunga, na gazeti halipo tena. Akasema, "Najua. Huyu si wangu. Iko wa baba Mutoto. Alikuahidi." Akamweka juu ya meza.

Unajua desturi. Ukipokea mukeke, unadaiwa uso kamili.

Akaniambia hana picha ya mumewe. Hawakuwahi kwenda kwa mpiga picha Bujumbura, kila mara walikuwa wakisema baada ya msimu. Kitambulisho alikwenda nacho. Alikuwa na ukurasa wa saba, ameubandika ukutani, na mimi mwenyewe, kwa mguu wangu, Juni nilikwenda kumwambia autie motoni. Akautia. Sasa Noeli mutoto anabatizwa, na yeye anataka siku hiyo uso wa baba uwepo ndani ya nyumba. Na akaniambia jambo lingine kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama: "Muzee, naogopa. Asubuhi naanza kumsahau upande mmoja."

Nikachukua penseli. Nimekuambia siwezi kuchora kutoka kichwani, lakini ungekuwa wewe ungemwambia nini? Nikachora. Akatazama, akasema, "Huyu iko mjomba wake." Nikafuta, nikachora. "Huyu iko padri wa Kizuka." Tukacheka wote wawili, halafu tukaacha kucheka. Nikaweka pengo, nikaweka mkato wa nyusi, pengo sawa, mkato sawa, na mtu hayupo. Kila nikijaribu kumwona, namwona pale kwenye kizuizi, chini ya kidole cha yule kijana, na sauti yangu inasema simjui. Labda alisikia, akaona haya kuja.

Mkono wenyewe umeharibika. Juzi kinyozi wa sokoni ameniomba kibao cha kazi, vichwa vinne vya mitindo. Nikachora. Akaja kukichukua, akasimama, akakigeuza, akatazama nyuma yake kama kuna kitu kimebaki huko. "Muzee, mbona wote wamenipa mgongo? Watu watafikiri nanyoa visogo tu." Sikuwa nimeona, Asmani. Nilivichora vyote vinne kwa nyuma, bila kujua. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwaka huu: visogo vinne, na moshi.

Yule mukeke hajaliwa. Wema amemkausha, ananing'inia juu ya mafiga, mdomo wazi. Nikiingia kula ananitazama. Nikitoka ananitazama. Paka wote wa mtaa wanamwogopa, na mimi ni wa kwanza kwenye foleni.

Nilipoanza barua hii nilitaka kukuambia uchome nakala yako. Ndiyo barua niliyokusudia, fupi, uichome na Mungu akuweke. Utaona hapo juu nimeandika neno "choma" upande wa kushoto, nikalikata, nikaliandika tena, nikalikata. Siyo kwamba nimekuwa shujaa. Nakuambia naogopa kuliko mwanzo wa barua. Mushagalusa akikamatwa na karatasi yenye mitumbwi na mapanga, hatarudi, na mimi nitafuatwa, na Marguerite naye. Lakini nimewaza: kichwa peke yake si mitumbwi. Kichwa kisicho na kasia, kisicho na panga, kisicho na maneno, hicho kina kosa gani? Ni kichwa tu. Kidogo kama ukucha wa kidole gumba.

Kwa hiyo lile gazeti usilichome. Lifunge kwenye nguo za ndani za Kulthumu, chini kabisa ya sanduku. Hapo hata serikali yenu haifiki. Wako watu humo ambao hawana picha nyingine duniani, na wako ambao bado hawajajua kwamba hawana.

Nisalimie Kulthumu, mwambie shemeji yake anamkumbuka na anamwonea huruma kwa mume aliyempata. Nisalimie watoto wote, mkubwa kwa mdogo, nisalimie na shangazi Mwajuma kama bado anaona, na kama haoni mshike mkono kwa niaba yangu. Wema anawasalimu, Bahizire anawasalimu, paka wanawasalimu. Mungu aufunge mlango wenu kwa mkono wake mwenyewe, na akifungua, afungue kwa habari njema. Huku kwetu tunaomba tu asahau kidogo tunakaa wapi.

Sasa la mwisho, na hili si ombi, ni haki yangu. Ulipotaka kumposa Kulthumu na wazee wake walikuwa mbali Kalemie, wakataka kuona sura ya mwanamume, nani alikuchora? Na masikio yako yale, yaliyokuwa yanafika mlangoni kabla yako, nani aliyapunguza? Kulthumu alisema ndiyo kwa masikio yangu, siyo yako. Wewe ulisema, "Kaka, siku moja nitakulipa." Hujanilipa. Siku imefika.

Fungua ukurasa wa saba. Chukua wembe mpya, siyo ule unaonyolea. Mkate Barampama peke yake, kasia libaki, maneno yabaki. Usishtuke ukigeuza, nyuma yake ukurasa wa nane iko tako la Kiboko. Mimi nitambandika kwenye kadi, Marguerite hataliona. Mtie kwenye kiberiti, chini ya njiti, umpe Mushagalusa. Yeye anavuta kiko, hakuna atakayemuuliza kiberiti ni cha nini. Atarudi kabla ya Noeli.

Na mkono wako usiwe na haraka. Mimi masikio yako niliyakata kwa penseli, hukusikia hata maumivu. Na wewe mkate hivyo hivyo, polepole, upite chini kidogo, usimalizie kwenye kidevu. Umwachie na shingo.

Wako akupendaye na anayekungoja,
kaka yako Alimasi.